Karamu ya Wageni na Daftari la Michango

Swali ninalotaka kulijadili ni la kawaida sana, na huenda ndiyo sababu hatulijadili madarasani. Watu wanaoishi ugenini wanapokutana kula, kunywa na kusherehekea, je, kuna lolote wanalodaiwa na wenyeji wao? Wapo wanaojibu upesi kwamba hakuna, kwani furaha ya mtu ni yake. Wapo wanaojibu upesi vilevile kwamba lipo, na kwamba kila chupa inayofunguliwa mbele ya jirani mwenye dhiki ni tusi. Majibu yote mawili, kwa maoni yangu, yanaruka jambo lililo katikati yao, nalo ni urafiki. Nitalitazama swali hili kutoka mahali pamoja: Nchelenge, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru. Nimepachagua kwa kuwa wageni wa kila namna wamekutana katika wilaya hiyo moja, na wengi wao wanasema Kiswahili.

Nchelenge iko upande wa mashariki wa ziwa, katika Jimbo la Luapula, Zambia. Pamoja na Kashikishi yenye soko la samaki, ni mji wa barabara moja ndefu inayofuata maji. Jioni jua huzama Kongo. Mpaka wenyewe hauonekani. Ulipitishwa majini kwa makubaliano ya mwaka 1894 kati ya Uingereza na Dola ya Kongo ya Mfalme Leopold, na wavuvi waliokuwa ziwani siku hiyo hawakuulizwa. Kuna kisiwa kiitwacho Kilwa upande wa Zambia na mji uitwao Kilwa upande wa Kongo (msomaji wa pwani asidhani nimepotea njia). Mashariki mwa maji watu husema Kibemba. Ng'ambo Kibemba hicho huchanganyika na Kiswahili cha Katanga. Kwa hiyo ugali uleule ni ubwali kwa mmoja na bukari kwa mwingine, na wote wawili wanaushushia kwa samaki wa ziwa moja.

Sasa wageni wenyewe. Wapo madaktari, wahandisi, watafiti wa malaria, watu wa misheni na watumishi wa mashirika, waliotoka Ulaya, Lusaka, Nairobi na kwingineko. Wapo wafanyabiashara wanaovuka na mashua. Na wapo Wakongo waliokimbia mapigano katika Haut-Katanga na Tanganyika kuanzia Agosti 2017, wakapokewa kwanza katika kituo cha muda cha Kenani, kisha wakahamishiwa makazi ya Mantapala yaliyofunguliwa Januari 2018. Hao hawakuwa wa kwanza. Pweto ilipoanguka Desemba 2000, maelfu walivuka kuingia Zambia, na kambi za Kala na Mwange zikajaa.

Lugha yetu inawapa watu hawa majina tofauti: mtaalamu wa kigeni, mwekezaji, mhamiaji, mkimbizi. Mtu angedhani majina hayo yanapima umbali wa mtu na kwao. Hayapimi. Kutoka Pweto hadi Nchelenge, ukinyoosha uzi kwenye ramani, ni kama kilomita 100. Kutoka Athens ni zaidi ya kilomita 5,000. Lakini aliyetoka karibu, mwenye lugha inayoeleweka sokoni na pengine mwenye shemeji Kashikishi, ndiye anayehesabiwa mgeni mzito, na aliyetoka mbali ndiye anayepita bila kuulizwa. Jina linaeleza mtu amekujaje, na zaidi linaeleza anaweza kuondoka vipi.

Wote husherehekea. Mgeni wa mkataba ana Jumamosi yake ufukoni: samaki wa kuchoma, bia baridi, muziki wa simu, siku ya kuzaliwa ya mmoja wao. Ukiwatazama kwa muda utagundua kwamba sherehe zao nyingi ni za kuagana. Mkataba ni wa mwaka mmoja au miwili, kwa hiyo kila baada ya miezi michache kuna anayeondoka, keki inakatwa, kitenge kinatolewa zawadi. Mkongo wa Mantapala ana harusi, ubatizo, Krismasi, na 30 Juni, siku nchi yake ilipopata uhuru mwaka 1960. Kusherehekea uhuru wa nchi uliyoikimbia ni jambo linalostahili insha yake peke yake. Hapa itoshe kusema kwamba atakayeona kichekesho ndani yake hajawahi kupikiwa sombe na mtu asiyejua lini atairudia bustani alikokuwa akilichuma.

Nianze na upande wa kuwatetea. Nawasikia wenzangu wengi wakiwalaumu wageni wa mkataba kwa kukaa wao kwa wao, na lawama hiyo naiona rahisi mno. Mtu anayeishi ugenini anaishi katika tafsiri kutwa nzima. Anatafsiri salamu, mizaha, bei, hata ukimya. Akikutana jioni na watu wanaocheka kabla hajamaliza sentensi, anapumzika, na hakuna anayepaswa kuomba radhi kwa kupumzika. Hatuwalaumu Wazambia wa Leicester au Watanzania wa Muscat wanapokutana kula ugali wao. Kama kukaa na wa kwenu ni dhambi, basi ni dhambi ya kila aliyewahi kuvuka mpaka.

Lakini utetezi huo una mwisho, na mwisho wake unaonekana vizuri katika historia ya ufuko huuhuu. Novemba 1867 David Livingstone alifika Ziwa Mweru, kisha akaenda kwa Mwata Kazembe, mtawala wa Walunda. Alimkuta huko Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa amezuiliwa kwa Kazembe miaka mingi. Katika safari za baadaye mtu aliyemfaa sana Livingstone alikuwa Muhammad Bogharib, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Walisafiri pamoja, walikula pamoja, na mapema mwaka 1869 Livingstone alipougua hadi hawezi kutembea, ni Bogharib aliyempa dawa na kuagiza abebwe kwenye kitanda kuelekea Ziwa Tanganyika. Livingstone alikuwa adui wa biashara ya watumwa, tena adui wa kweli; maandishi yake yaliichochea Uingereza kuipiga vita. Na aliyemuuguza alikuwa na minyororo katika msafara wake.

Siwezi kumlaumu mgonjwa kwa kukubali uji. Ninachokiona hapo ni hiki: upweke wa ugenini huwaunganisha watu ambao nyumbani wasingekaa kwenye jamvi moja, na muungano huo una fadhila ya kweli. Bogharib hakuwa na faida ya kumbeba Mzungu. Lakini fadhila hiyo ilizunguka kati ya wageni. Waliofungwa minyororo walikuwa watu wa bara, wenyeji wa njia ile, na wao hawakuwa kwenye duara la uji. Urafiki wa wageni unaweza kuwa wa dhati kabisa na bado ukawa na mgongo, na mgongo huo ukaelekezwa kwa wenyeji.

Mwanafalsafa aliyeandika kwa kirefu kuliko wengi kuhusu urafiki, Aristotle, alikuwa mgeni pia. Athens haikuwa kwao. Aliishi huko kama mgeni mkazi, hali iliyomaanisha kulipa kodi ya ugeni na kutoruhusiwa kumiliki ardhi. Kati ya vipindi vyake viwili Athens, aliishi kwa muda katika kisiwa cha Lesbos, ambako alichunguza samaki na viumbe wa maji ya Pyrrha. Napenda kumfikiria hivyo: mtaalamu wa kigeni kisiwani, akiwauliza wavuvi maswali yanayowachosha. Katika kitabu chake cha maadili, sehemu mbili kati ya kumi anazitoa kwa urafiki. Anatofautisha urafiki wa manufaa, wa raha, na wa wema, na anataja kwamba urafiki wa mwenyeji na mgeni huwekwa katika kundi la manufaa. Anasema pia kwamba tofauti kati ya watu wawili ikizidi sana, urafiki hauwezekani tena, hata kama kila mmoja anamtakia mwenzake heri.

Hoja hii ya mwisho ndiyo ninayotaka kuibeba hadi Nchelenge. Daktari wa kigeni na mama wa Mantapala wanaweza kutakiana heri kwa moyo wote. Je, wanaweza kuwa marafiki? Jibu linalokuja haraka ni kwamba pesa zinawatenga. Nadhani pesa si kikwazo kikubwa kama tunavyosema. Katika miji yetu yote tajiri na maskini huzikana, huozana, hutaniana. Kinachowatenga hawa wawili ni kualikana.

Zambia ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 iliweka masharti yake, yakiwemo yanayohusu ajira na uhuru wa kutembea wa mkimbizi. Sheria ya Wakimbizi Na. 1 ya mwaka 2017 ilibadili mengi, lakini msingi huo ulibaki: mkimbizi anaishi mahali alipopangiwa, na akitaka kutoka anahitaji ruhusa ya maandishi. Kwa hiyo mmoja anakwenda akitaka, na mwingine anakwenda akiruhusiwa. Daktari akialikwa harusini Mantapala, anawasha gari. Mama akialikwa ufukoni kwenye keki ya kuagana, anaanza na kusubiri karatasi, na karatasi hiyo inauliza sababu. "Nakwenda kucheka na rafiki yangu" ni sababu ngumu kuandikwa kwenye fomu.

Hapa ndipo methali tuliyoizoea inapogeuka. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipoeleza ujamaa, akisisitiza kwamba kila mtu ni mfanyakazi. Tunaifundisha watoto kama onyo dhidi ya uvivu. Lakini jembe si kazi tu. Mwenye jembe analima, anayelima anavuna, anayevuna anaweza kupika chungu kikubwa na kusema karibuni. Kumpa mgeni jembe ni kumpa uwezo wa kuwa mwenyeji. Asiye na jembe atabaki mwalikwa maisha yake yote, na mwalikwa wa milele ni jina jingine la ombaomba, hata akiwa amevaa vizuri.

Tukiitumia methali hiyo Nchelenge tunaona jambo la ajabu. Mantapala ilipangwa tangu mwanzo ili familia zipate ardhi ya kulima, na ili shule na zahanati zitumiwe na wakimbizi na wanavijiji pamoja. Huo ni mpango mzuri, bora kuliko kambi za hema nilizosoma habari zake kwingine. Mkimbizi amepewa jembe. Ila hajapewa barabara: mihogo yake inaweza kufika sokoni Kashikishi kwa urahisi kuliko yeye. Mgeni wa mkataba amepewa barabara, tena amepewa na gari, lakini hakuna aliyewahi kumpa jembe. Yaani hakuna mwenyeji anayemwambia: siku ya tatu imefika, sasa njoo ubebe upande huu. Anaitwa bwana mkubwa, anatengewa kiti cha mbele, anaombwa kusema maneno mawili. Kiti cha mbele ni njia ya heshima ya kumweka mtu nje.

Nitajibiwa kwamba mgeni huyo tayari anafanya kazi. Anatibu malaria katika wilaya ambayo ugonjwa huo ni mzigo mkubwa, anachimba visima, anafundisha. Ni kweli, na sina nia ya kuidharau kazi hiyo. Mtoto aliyepona ni mtoto aliyepona. Lakini kazi hiyo inalipwa na mwajiri aliye mbali na inapimwa kwa ripoti zinazokwenda mbali. Wenyeji hawakuiagiza na hawawezi kuikataa. Mtu anaweza kuokoa maisha ya kijiji kizima na asiwe na rafiki hata mmoja ndani yake, na asigundue, kwa sababu Jumamosi zake zimejaa.

Mfano wa Desemba unanisaidia kuona jinsi sherehe yenyewe inavyoweza kuwa jambo la maadili. Uvuvi hufungwa upande wa Zambia kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazaane. Krismasi na Mwaka Mpya huangukia ndani ya marufuku. Sheria hiyo haivuki mpaka. Ng'ambo kuna serikali nyingine. Mvuvi wa Nchelenge anayetii hula sikukuu yake kwa chisense zilizokaushwa, au kuku kama yupo. Mwenye pesa anaweza kupata samaki mbichi. (Aliyegandisha wake mwezi Novemba asijisikie kusemwa.) Samaki huyo anayeletwa usiku ana bei yake, na sehemu kubwa ya bei hiyo ni hatari aliyoibeba mtu mwingine: faini, nyavu kuchukuliwa, mashua kukamatwa. Mgeni anayemweka mezani na kusema "hapa ndipo samaki bora duniani" hasemi uongo. Ila amenunua uvunjaji wa sheria uliofanywa na mtu ambaye hayupo mezani, na mwezi Machi wavu wa jirani ukipanda mwepesi, yeye atakuwa amesharudi kwao. Mwenye rafiki mvuvi angejua haya bila kusoma bango. Angeambiwa kwa mzaha, kabla ya kununua.

Kuna hoja moja ambayo huitumia wanaotaka kumaliza mjadala huu kwa upole: kwamba sisi sote ni wageni. Kwa Nchelenge hoja hiyo ina ushahidi wa kuvutia. Kila mwaka mwishoni mwa Julai, huko Mwansabombwe, Mwata Kazembe hucheza Mutomboko, na sherehe hiyo inakumbuka safari ya Walunda kutoka magharibi, nchi ambayo leo ni Kongo, na kuvuka kwao Luapula katika karne ya 18. Yaani sherehe kubwa kuliko zote za wenyeji ni ya kukumbuka kufika. Ningependa kuishia hapo, kwa kuwa ni picha nzuri. Lakini Walunda hawakufika wakiomba maji ya kunywa. Walifika na silaha na wakatawala, na Washila waliokuwa wakivua katika ziwa hilo walikuja kuwa chini yao. Ngoma ya Mwata ni ya ushindi. Kwa hiyo "sote ni wageni" haitoshi. Kuna aliyefika akapiga hodi, na kuna aliyefika akahesabu mali. Sherehe ya kufika inaweza kuwa ya mmoja au ya mwingine, na ngoma peke yake haikuambii ni ipi.

Immanuel Kant naye hatufikishi mbali. Mwaka 1795 aliandika kwamba kila mwanadamu ana haki ya kufika nchi ya wengine bila kutendewa kama adui, ila hana haki ya kudai kukaribishwa kama mgeni wa nyumbani. Hilo linahitaji makubaliano ya pekee. Haki yake ni ya kusimama mlangoni. Mimi nauliza kuhusu meza.

Basi mtu atajuaje kwamba ameingia mezani? Nadhani alama iko mahali ambapo wageni wengi huona usumbufu tu. Chukua mfano wa mama anayemwoza binti yake. Anapita na daftari. Kila jirani, ndugu na rafiki anaandikiwa ahadi yake: huyu mchele, huyu kuku wawili, huyu kiasi fulani cha pesa, huyu kitenge cha sare. Mgeni wa mkataba akifuatwa na daftari hunung'unika kwamba anatakwa pesa kwa sababu ya rangi yake au gari lake. Pengine ni kweli. Wapo wanaomwona kama mfuko. Lakini kuna tofauti kati ya anayeombwa pembeni na anayeandikwa kwenye daftari. Anayeombwa pembeni anapewa shukrani, na habari inaishia hapo. Aliyeandikwa ameingizwa katika hesabu ya kurudishiana: siku yake ikifika, arusi au msiba, mwenye daftari atafungua ukurasa, ataona jina, na atajua amletee nini. Kuandikwa ni kudaiwa, na ni kudai pia.

Na ndiyo maana naona deni la mgeni anayesherehekea ugenini halilipwi kwa kupunguza muziki wala kwa kugawa keki iliyobaki. Linalipwa kwa kukubali kuandikwa, kisha kuwaacha wengine wamwandikie. Upande wa mwenyeji, na hapa namaanisha pia ofisi zinazotoa ruhusa, deni ni kumwachia mkimbizi barabara ya kupeleka mchango wake kwenye harusi ya mtu mwingine, maana daftari lenye upande mmoja ni orodha ya misaada.

Linabaki gumu moja ambalo sijapata jibu lake. Mgeni wa mkataba huondoka. Alichangia harusi ya Mei, na mwezi Oktoba keki yake ya kuagana imekatwa. Mama wa Mantapala anabaki na daftari lenye jina ambalo siku yake haitafika tena Nchelenge. Nimeuliza watu kadhaa wanafanyaje na majina kama hayo. Mmoja aliniambia huyafuta mwaka ukiisha. Mwingine alishangaa swali. Jina halifutwi, alisema. Atazaa huko aliko, na mtoto wake akipita hapa siku moja, si tutamjua?